Dakika Nne za Ijumaa

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Baba mpendwa,

Na hapana, sikunyeshewa! Barua yako inauliza mto unafurikaje bila mvua, na swali hilohilo nilimuuliza mume wangu siku ya kwanza, akacheka mpaka akakaa chini. Baba, maji yanatoka kwenye jua. Juu kabisa milimani kuna theluji, na kiangazi kikikolea jua linaiyeyusha, inashuka bonde kwa bonde, inatufikia alasiri. Anga likiwa jeupe na joto likizidi, ndipo mto unapojaa! Asubuhi naona mawe, jioni mawe hayapo. Mimi mtoto wa mjini nilijua maji hutoka bombani au mawinguni. Sasa kila siku nasimama mlangoni na kikombe mkononi, jua linanichoma utosi, naangalia mto ukipanda, na mwili wote unasisimka.

Umeuliza nyumba. Ni chumba kimoja na nusu juu ya stoo. Stooni ndiko ziliko fito za kuvulia na suruali za mpira za wageni, zimetundikwa misumarini kama watu waliokatwa viuno. Ngazi zina vipandio tisa, cha sita kinalia. Mume wangu akipanda nahesabu, na kikilia hicho cha sita moyo unanidunda kana kwamba hajawahi kuja nyumbani. Usicheke. Ndoa ina wiki tano tu.

Kazi yake ni kuwaongoza wageni wanaokuja kuvua samaki aina ya trauti. Hawatumii chambo cha kweli, wanatumia nzi bandia, yaani ndoano ndogo iliyofungwa manyoya na uzi ifanane na mdudu. Na wageni wote wana kosa moja. Wanasimama wima, wanarusha mshipi mpaka katikati ya mto, maana wanaona samaki mkubwa lazima akae kwenye maji makubwa. Kumbe katikati maji yana nguvu, hata samaki hapendi kusukumwa kutwa nzima! Mto ukijaa, trauti wanahamia ukingoni, chini ya nyasi, hapahapa miguuni pa mtu. Mume wangu anawaambia, "Mzee, piga magoti." Wananuna. Mtaka cha mvunguni, Baba, huku anainama kwelikweli.

Sasa nina ombi. Maji yakiwa juu nzi wengi wanapotelea kwenye mizizi, na mume wangu hawahi kuwafunga wa kutosha. Nikasema, mbona baba yangu ana kibano, ana lenzi ya jichoni, na ana mkono usiokosea? Nakuletea ndoano, uzi na manyoya. Kwenye kibiriti kuna mdudu mwenyewe, uone wa kuigwa. Anaishi chini ya maji karibu mwaka mzima, kisha anatoka, anaota mabawa, anaishi siku moja tu. Hana hata mdomo wa kulia.

Ripoti ya saa: saa ya mama siivui mkononi. Redio ya kulinganishia ilikosa betri, nitakupa hesabu kamili Ijumaa ijayo. Na wewe unakuja lini? Simu hazishiki huku, milima imetuziba masikio, kwa hiyo nijibu kwa barua na usijifanye hukuliona swali.

Sekunde wako


Jumatano, tarehe 12 Juni

Mwanangu Sekunde,

Barua na kibiriti vimefika. Fundi viatu wa mlango wa pili alichukua kibiriti awashe sigara, akakuta mdudu. Amekutukana kidogo, halafu akakusalimia.

Nilimweka mdudu wako chini ya lenzi saa tatu asubuhi. Nilipoinua kichwa ilikuwa saa nne na robo. Miaka thelathini na minane nimetazama vitu vidogo, mama, na nilikuwa nadhani najua udogo ni nini. Bawa lile lina mishipa kama mifereji ya shamba, mkubwa unagawa kwa mdogo, mdogo unagawa kwa mwembamba zaidi, hakuna uliokosea njia. Nilijaribu kuihesabu nikapotea. Mkia una nyuzi tatu, kila uzi una pingili. Mimi natengeneza saa ya kudumu miaka hamsini na siwezi kuipa robo ya kazi ile. Yeye kapewa yote kwa siku moja. Nimekaa na jambo hilo tangu jana na sijalimaliza.

Kuhusu nzi: mimi ni fundi saa, si fundi wa kulaghai samaki. Ila ndoano ziache hapa mezani.

Kuhusu kuja: kazi zimejaa. Watu wanataka saa zao.

Usisahau ripoti. Tulikubaliana kituo cha basi kwamba kila Ijumaa utaniambia saa ya mama yako imekwendaje. Ni kitu pekee alichokuacha nacho. Usishangae kuona penseli, kalamu zangu zimekauka.

Baba yako


Ijumaa, tarehe 21 Juni

Baba mpendwa,

Nisamehe kwa kuruka Ijumaa moja! Na usiutazame sana mwandiko, kiganja kimefungwa kitambaa. Nilijikwaa kwenye mawe, ni mchubuko tu, nimeshapona.

Ulivyoandika kuhusu lile bawa nimemsomea mume wangu mara mbili. Mara ya pili akaacha kula. Akasema, "Miaka yote hii nawakamata hao wadudu, sijawahi kumwona hata mmoja." Kesho yake nikamkuta amelala kifudifudi ukingoni na kioo cha kusomea cha mgeni mmoja, miguu imening'inia, wageni wanamsubiri. Umeniharibia mume, Baba!

Nimeanza kuona trauti kwa macho yangu, bila kuonyeshwa. Kwanza huoni kitu, ni maji tu yanakimbia na nyasi zimelala. Unakaa. Unakaa tena. Halafu sehemu moja ya maji haikimbii kama nyingine, na hapo, kama mtu anayetokea kwenye picha inayosafishwa, unakuja mgongo wa kijani, mkia unaoyumba polepole, na madoa mekundu ambayo kila moja limezungushiwa weupe kama limepakwa kwa mkono. Alikuwepo muda wote. Nilikuwa namtazama muda wote! Nilishika mdomo nisipige kelele.

Mume wangu amenikataza kuingia majini mpaka mto upungue, basi natazama kutoka kwenye nyasi. Ni sawa tu. Ananifungia kamba za viatu kila asubuhi kana kwamba sina mikono. Anasema ni kwa sababu ya kitambaa, lakini mkono mmoja ni mzima, nami simkumbushi.

Ripoti ya saa: haijapoteza hata sekunde! Inakwenda vizuri ajabu, itakuwa ni hewa ya huku.

Nzi umewafunga? Na hujajibu lini unakuja.

Sekunde wako


Jumanne, tarehe 25 Juni

Mwanangu,

Nzi sita wamo ndani ya bahasha. Ni wabaya. Manyoya yamekaa shaghalabaghala, uzi umeruka hapa na pale, mmoja ana bawa limeangalia nyuma. Fundi viatu amewatazama akasema wanafanana na yeye akiamka. Nimewaleta ili usiseme sikujaribu. Waonyeshe mkwe kisha uwatupe, na usimwambie mtu nani kawafunga. Jina la fundi ni kitu kidogo, likichubuka halifungwi kitambaa.

Hata sekunde, unasema? Wiki mbili?

Kiganja kioshe kwa maji ya chumvi. Mawe gani hayo uliyojikwaa?

Baba yako


Ijumaa, tarehe 28 Juni

Baba! Baba! Baba!

Kaa kwenye kiti. Nimewaonyesha nzi wako kama ulivyosema. Mume wangu akawaweka kwenye kiganja karibu na dirisha, akawatazama muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi siku ya harusi. Akafunga mmoja kwenye mshipi wangu akasema, "Twende."

Ilikuwa saa tisa alasiri. Maji yamejaa rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda na sauti ile ya lori lisilofika. Nilipiga magoti kwenye nyasi kama muumini. Nikadondosha nzi wako, wala sikurusha, nilimdondosha tu, mbele yangu kama mkono mmoja hivi. Akaelea. Manyoya yale uliyoyasema yamekaa shaghalabaghala yakaanza kutetemeka juu ya maji, bawa lililoangalia nyuma likashika upepo, na naapa, Baba, alikuwa hai. Nilitaka kumwokoa.

Halafu chini ya nyasi kivuli kikajitenga na kivuli. Kikapanda bila haraka. Nikaona jicho, duara la dhahabu na doa jeusi, nikaona mdomo ukifunguka mweupe kwa ndani, na nzi wako hakuwepo tena. Nilisahau kuvuta! Mume wangu ananong'ona, "Inua, Bi Harusi, inua," mimi nimeduwaa. Samaki ndiye aliyenivuta mimi. Ufito ulipinda mpaka ncha ikaingia majini, mshipi ukalia kama uzi wa gitaa, naye akakimbilia katikati kwenye maji makubwa, akaruka. Mwili mzima hewani, maji yanamwagika kutoka kwake, jua limempiga ubavuni. Sijui aliruka mara ngapi. Mimi namkumbuka akiwa juu tu, kama bado hajashuka.

Nilipomshika alikuwa mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Nilimshikilia ndani ya maji apate pumzi, na kwenye kiganja changu kibovu nikasikia moyo wake unapiga. Uliwahi kuniwekea saa sikioni nikiwa mdogo, unikumbushe kwamba kitu kidogo nacho kina maisha yake. Ni vile vile. Nikafungua vidole. Hakuondoka mara moja. Alikaa kidogo kwenye kiganja changu kilichofunguka, kisha akazama palepale alipotoka. Nikalia. Mume wangu naye akalia, halafu akasingizia jua.

Samaki saba siku ile, Baba, wote kwa nzi wako! Nzi nadhifu aliowafunga mume wangu hawakuguswa. Mgeni mmoja mwenye kofia kubwa aliuliza ni fundi gani mjuzi hivi wa kumfanya nzi aonekane kama anasumbuliwa na upepo. Nilitii, sikukutaja. Nilimwambia ni siri ya ukoo, nikatembea kama malkia.

Nakurudishia yule nzi. Mtazame kwa lenzi, ana alama za meno.

Ripoti ya saa: nzima, dakika kwa dakika, wiki ya tatu sasa.

Sekunde wako, mwenye magoti ya kijani


Jumatano, tarehe 3 Julai

Sekunde,

Alama za meno nimeziona. Ni kumi na moja, mbili kwenye uzi, tisa kwenye shina la unyoya. Nilimwita fundi viatu aangalie, akasema, "Huyu samaki ana meno mazuri kuliko mimi." Baada ya yeye kwenda nilifunga mlango nikamtazama tena. Kitu nilichokiona kibaya kiasi cha kukitupa, kiumbe aliyewatazama wadudu maisha yake yote amekiamini.

Sasa nikuulize jambo.

Nilimpa mama yako saa ile siku tuliyochumbiana. Ilikuwa inachelewa dakika nne kila wiki. Nilitaka kuirekebisha, akanikatalia. Akasema, "Ukiirekebisha utapata wapi sababu ya kunishika mkono kila Ijumaa?" Kwa hiyo sikuirekebisha, kwa makusudi, miaka ishirini na mitatu. Kila Ijumaa baada ya chakula alininyooshea mkono mezani, nami nikasogeza mshale dakika nne. Alipotutoka niliendelea kuisogeza, ikiwa imelala kwenye droo. Nilikupa ripoti ya Ijumaa ili ugundue hizo dakika nne mwenyewe, uniulize, nikuhadithie. Nilikuwa naisubiri barua hiyo.

Wewe unaniambia wiki tatu haijapoteza hata sekunde.

Saa iko wapi, mama? Na mkono uliumiaje?

Baba yako


Ijumaa, tarehe 5 Julai

Baba yangu,

Barua hii nimeianza mara nne.

Saa iko mtoni. Ilikuwa Ijumaa ile niliyoiruka, tarehe 14. Katikati ya mto wetu kuna jiwe tunaloliita Ng'ombe, kwa sababu limelala kama ng'ombe anayecheua. Asubuhi mgongo wake ni mkavu. Maji yakianza kuulamba, kila mtu anatakiwa atoke mtoni, maana wimbi la maji ya theluji limefika na baada ya hapo mto hauna mzaha. Nilikuwa ndani ya maji mpaka magotini, nimemwona trauti, nikasema dakika moja tu. Nilipoinua macho, Ng'ombe hayupo. Sikuliangalia jiwe, sikuangalia saa ambayo ilikuwa hapa hapa mkononi, nilikuwa naangalia samaki.

Mawe yalihama chini ya miguu yangu. Maji yale ni baridi kiasi kwamba huwezi hata kupiga kelele, pumzi inagoma. Nilikwenda nayo kama nguo, mawe yakanichuna kiganja. Mume wangu alikimbia ukingoni, akanidaka mkono kwenye kona, mkono wangu huuhuu wa kushoto, akavuta, na mkanda ukakatika. Niliiona saa ikienda, Baba. Ilimetameta mara moja.

Nilidanganya kwa sababu ya maneno yako ya kituo cha basi, kwamba ukiipoteza hii umempoteza mama yako mara ya pili. Nilifikiri maji yakipungua nitaipata kabla hujajua. Na sasa unaniambia habari ya dakika nne! Nimelia mpaka mume wangu amekwenda kukaa kwenye kipandio cha sita, hajui aje au aondoke.

Halafu tumegombana. Ugomvi wetu wa kwanza, uandike popote. Nilimsomea barua yako, pale unaposema nzi ni mbaya kiasi cha kutupwa. Nikasema, "Ona alivyo mnyenyekevu, fundi mkubwa kama yule." Akainamisha macho. Nikamwambia sema. Akasema, "Mke wangu, wale nzi hawakufungwa vile kwa ujuzi. Mkono wa baba unatetemeka. Nilijua tangu yule wa kwanza, uzi unaruka kila baada ya mizunguko miwili."

Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akajibu kwamba siri ya mkono wa mtu mzima si yake kuitangaza. Nikamrushia mto wa kulalia. Akaudaka akaukalia, kwa hasira nikacheka, kisha nikaanza kukumbuka. Kituo cha basi. Si wewe uliyenifunga saa, Baba. Ulimpa fundi viatu anifunge, wewe mikono umeiweka mifukoni, nami nikadhani hutaki nikuone unalia. Siku ya harusi hukugusa kikombe cha chai. Barua zote kwa penseli.

Mkono wako una nini? Usiniambie kazi zimejaa.

Sekunde


Jumanne, tarehe 9 Julai

Mwanangu,

Mtoto wewe. Umebebwa na mto, umenyimwa pumzi, halafu unaniomba radhi kwa ajili ya saa! Saa nimetengeneza maelfu. Binti nilitengeneza mmoja, na hata huyo nilisaidiwa. Maneno ya kituo cha basi nayafuta. Mkwe mwambie hivi: mkono wake ule wa kukudaka nimeusalimu kwa kusimama.

Sasa zamu yangu. Duka limefungwa tangu mwezi wa tatu. Mkono wa kulia ulianza mwaka jana, nikadhani ni baridi. Daktari amesema ugonjwa hauui, ila haurudi nyuma. Kwenye meza yangu skurubu ndogo ni kama punje ya mchanga. Siku ya mwisho niliidondosha, nikapiga magoti kuitafuta, na mteja, mwanamke mzima aliyevaa nguo zake nzuri, akapiga magoti naye kunisaidia. Alikuwa na huruma. Sikuweza kuivumilia ile huruma. Nilimrudishia saa yake haijapona, nikafunga mlango. Nzi wale sita walinichukua siku nane.

Ulikuwa unaolewa, una furaha ya kumwagika mpaka kwenye ngazi. Ningekutilia mchanga wa nini?

Kuja huko siji. Huko mna kazi na wageni, na mimi sitaki kuwa mtu wa kufungiwa kamba za viatu. Nanyi msije kunitazama. Niandikie tu kuhusu mto. Barua zako nazisoma asubuhi kwenye meza ya kazi, lenzi iko jichoni kwa mazoea.

Baba yako


Ijumaa, tarehe 12 Julai

Baba mpendwa,

Nimekusikia. Sitakuonea huruma, nakuapia kwa kipandio cha sita. Ninachokuandikia ni habari ya kazi.

Kwanza, mume wangu amejaribu kuiga nzi wako. Alikaa jioni nzima akitetemesha mkono kwa makusudi, akatoa nzi safi kama bwana harusi. Trauti hawakumtazama. Amekasirika mpaka sasa. Anauliza kama unaweza kufunga wengine, polepole, siku nane au themanini.

Pili, ni mto. Kila siku mgongo wa Ng'ombe unazama alasiri, lakini hauzami wakati uleule. Juzi uliwahi. Jana ulichelewa, kwa sababu huko juu kulikuwa na mawingu ya muda mfupi asubuhi. Kukizidi joto, unawahi. Usiku ukiwa wa baridi, unachelewa. Theluji iliyeyuka saa ngapi, imetembea muda gani hadi kwetu, hakuna anayejua. Mume wangu anakadiria kwa jua na kwa ngozi yake, na siku moja alikadiria vibaya, ndiyo siku ile nilipokwenda na maji. Ameniambia jana tu, kwa sauti ya chini. Alidhani tuna nusu saa zaidi. Tangu siku ile hachukui mgeni kuingia majini, wote wanavua kwa magoti kutoka kwenye nyasi, na anaamka kabla yangu kwenda kulitazama lile jiwe.

Baba, ni mto mzima unaokwenda kwa saa na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuupima. Hapa ukingoni, mkabala na Ng'ombe, pana jiwe bapa lenye kivuli. Mtu akikaa pale na saa nzuri na daftari anaona kila kitu. Haihitaji mkono usiotetemeka. Inahitaji mtu asiyesema "dakika moja tu".

Nimejaribu mimi. Siku ya kwanza nilimwona trauti nikasahau kuandika. Unanijua.

Sekunde wako


Jumanne, tarehe 16 Julai

Sekunde,

Barua yako nimeisoma mara moja tu, halafu nikaenda kumgombeza fundi viatu bila sababu.

Unawahi kwa dakika ngapi? Unachelewa kwa dakika ngapi? "Juzi uliwahi, jana ulichelewa" — hiyo ni ripoti ya mtoto wa fundi saa? Mlilinganisha na redio saa ngapi? Jiwe linahesabiwa limezama maji yakigusa mgongo, au yakiufunika? Hamkuandika joto la asubuhi. Mkwe ni mtu mwema na ana mkono wa chuma, lakini kukadiria kwa ngozi ni kazi ya ndege.

Sikulala vizuri kwa kulifikiria jambo hili. Milima yote ile inayeyuka, tone kwa tone, kila tone na mahali pake lilipoanzia, na yote yanafika kwenye mgongo wa jiwe moja, alasiri moja, kwa mpango. Nimefanya kazi miaka thelathini na minane ndani ya kasha la saa nikidhani ndimo muda unamokaa.

Nimeifungua ile saa kubwa ya mfukoni niliyoiacha kwenye kabati la kioo, ile niliyosema haiuzwi. Inapoteza sekunde mbili kwa wiki. Nimeitia ufunguo mwenyewe. Ilinichukua muda, na hakukuwa na mtu wa kunisaidia, na sikumhitaji.

Kamba za viatu nimeziondoa. Fundi viatu amenishonea viatu vya kuvuta mguuni, anasema ni vya kwenda kupigia magoti samaki. Amekataa kuja, anaogopa maji, lakini anataka aletewe samaki mwenye meno.

Mwambie mkwe asimwingize mtu majini mpaka nifike. Na wewe, Ijumaa ya kwanza nikiwa hapo, baada ya chakula, utaninyooshea mkono wa kushoto mezani. Najua hauna saa. Unyooshe hivyohivyo.

Kabla mwezi huu haujaisha nitashuka kwenye basi hapo bondeni. Siji kutazamwa. Nakuja kuupima mto.

Baba yako,
Fundi